Keria nzima ya chuma ama baa mbili tu? Prado 120, tunaenda Loiyangalani

Msafiri_wa_Rongai:
Wadau habari zenu. Niko na Toyota Prado 120 ya dizeli, ile ya spea mlangoni, na juu ya paa iko na zile reli mbili za kampuni za kwenda urefu. Agosti shule zikifungwa tunataka kwenda Loiyangalani kule Ziwa Turkana, tunaenda na Marsabit tunarudi na Baragoi na Maralal, tuko wanne, mimi na mama na watoto wawili. Hema ya juu ya paa nishanunua, ile ya kukunjua yenye ngazi, karatasi yake inasema kilo 58. Sasa shida ni inakaa juu ya nini.

Fundi mmoja wa Kariobangi Light Industries ameniambia atanichomelea keria nzima ya chuma ya kubebea mizigo juu ya paa, inaanza kwa kioo cha mbele inaishia mlango wa nyuma, na kuta pembeni, meshi chini, mahali pa mitungi minne ya dizeli na ngazi ya kupandia, 48k rangi ikiwemo. Kuna ile ingine flat ya aluminiamu ya Front Runner kutoka Afrika Kusini, lakini bei yake nikiiandika hapa mama watoto akaiona tutaongea. Halafu kuna jamaa wa kazini anasema niachane na hizo zote nifunge baa mbili za kupita upana wa paa basi. Roho yangu iko kwa ya fundi juu ni kubwa, inaonekana ngumu, na tusidanganyane, Prado ikiwa na keria kubwa inakaa gari ya safari. Nyinyi mnaofika huko mnasemaje?

Mzee_wa_Surf:
Karibu sana. Kabla ya kumlipa fundi deposit tafuta manyuali ya hiyo gari, kama yako ilikuja na ya Kijapani tafuta ya soko la Australia ama Uingereza, uone paa inaruhusiwa kubeba kilo ngapi gari ikitembea. Gari nyingi za saizi hiyo utapata ni kati ya 75 na 100 hivi. Na hiyo namba ni ya kila kitu kiko juu, keria yenyewe ikiwemo, hapo ndio watu wengi hesabu huwapotea.

Sasa tupige ya fundi wako. Skwea tyubu ya 25 kwa 25 yenye unene wa milimita 1.5 ina kama kilo 1.1 kwa mita. Keria ya huo urefu inakula pisi tano za mita 6 bila shida, hiyo ni kilo 33 na bado hajaweka meshi, miguu na hiyo ngazi. Akimaliza uko 45 ama 50. Weka hema 58 juu yake, ushapita 100 na hujapakia hata sufuria. Dizeli lita 20 ni kama kilo 17, mtungi wa chuma kama 4, mara nne ni 84. Jumla kama kilo 190 zimekaa juu ya vichwa vya watoto, halafu unaingia barabara imejikunja kama bati, kila tuta zinaruka zinarudi chini. Hawa Rhino-Rack wa Australia wanakwambia uzito ulioandikwa kwa keria yao ugawanye kwa 1.5 ukitoka lami, na hao ndio wanauza, hawana haja ya kukutisha.

Kitu ingine ni gari kulala upande. Uzito ukipanda juu gari inayumba kwa kona na kwa mitaro, pale ungepita kwa mteremko wa pembeni bila kuwaza sasa unashuka kuangalia kwanza.

Kulala kwa hema usiogope, gari ikisimama paa inabeba mara kadhaa zaidi. Land Rover Defender mpya kwa mfano imeandikwa 168 ikitembea na 300 ikiwa imesimama. Kwa hivyo nyinyi kupanda mkalala haina noma, noma ni vile hema imefika huko.

Mimi niko na huyo jamaa wa kazini.

Landi_110:
Mzee heshima yako, hesabu iko sawa, lakini hii maneno ya kuogopa chuma sikubali yote. Kaskazini kote keria ni za chuma na kuna sababu. Ikikatika Baragoi unatafuta yule welda wa mageti, anawasha jenereta anakupiga welding unaenda zako. Aluminiamu ikipasuka huko inataka mashine ya gesi ya argoni na mtu anaijua, so ni kufunga na kamba mpaka Nairobi.

Ila nakubali gari yangu na yako si moja. Land Rover 110 yangu na zile Land Cruiser za 70 ziko na gata, ule mfereji wa maji wa pembeni ya paa, keria inasimama na miguu sita ama nane na uzito unagawanyika kwa gata yote. Prado haina gata, iko na reli ambazo zimeshikwa na bolti chache kwa bati ya paa. Ukiweka mguu katikati ya reli, mbali na pale inaposhikwa, reli inacheza na siku moja utaona ufa. Kama ni lazima iwe ya fundi basi mwambie miguu ikae karibu na hizo nguzo za reli, asiweke kuta, asiweke ngazi, meshi atoe, abakishe fremu fupi ya kubeba hema tu. Hapo unaeza shuka hadi kilo 20 ama 25.

NA ASITOBOE PAA. Tulikuwa na gari moja kwa msafara, fundi alikuwa ametoboa akapaka silikoni, akaapa haitavuja. Mvua ya Maralal ilipoanza maji yakashukia kwa taa ya ndani, mwenye gari anaendesha na sponji kwa mkono.

DadaJimny:
Mimi naendesha Jimny mpya, Suzuki wameandika kilo 30 kwa paa. Thelathini! Keria nzuri tu ya fundi inaimaliza yote, kwa hivyo huku kwetu kufikiria uzito si hiari.

Msafiri hebu kwanza niulize, hiyo mitungi minne ni ya nini? Marsabit iko na petrol station, Maralal ziko. Kutoka moja hadi ingine ukizungukia Loiyangalani haifiki kilomita 600. Tanki ya 120 ni lita 87, hata ikikunywa vibaya, kilomita 7 kwa lita, unafika, so mtungi mmoja wa akiba inatosha na unakaa nyuma ndani umefungwa vizuri, ama nje kwa mlango kama uko na mahali. Mafuta kwa paa mimi siwekangi kabisa. Maji pia ndani, chini, nyuma ya kiti cha pili, lita 40 ya maji ni kilo 40 hakuna njia ya kuipunguza. Juu weka tu vitu vikubwa visivyo na uzito, magodoro, slipingi bagi, viti vya kukunja, na kwako juu ni hema so hata hizo zitaingia ndani, utapanga.

Ingine ambayo hamjataja ni kelele. Baa za skwea ama za mviringo zikifika 80 kwa Thika Road zinaanza kupiga mluzi, mpaka Marsabit utakuwa na kichwa. Zile za umbo la bawa ni kimya zaidi. Ukibaki na za mviringo zungushia kamba kama nyoka kutoka mwisho moja hadi mwingine, mluzi unaisha, inavunja upepo. Na ukirudi nyumbani zifungue, kutembea nazo bure mjini ni kuchoma dizeli.

Kuhusu upepo tena, Loiyangalani si mahali pa mchezo, kuna sababu waliweka zile mashine 365 za umeme wa upepo hapo karibu. Unatoka kusini-mashariki na unachachamaa usiku hadi asubuhi. Elekeza gari vizuri kabla hujakunjua hema, ule upande mfupi uangalie upepo, ama ujifiche nyuma ya nyumba. Nimeona hema inapigwa hadi gari yote inatikisika watu wakahamia viti vya mbele saa nane usiku.

Msafiri_wa_Rongai:
Aisee asanteni, hiyo ya lita 87 imenimaliza, mitungi nilikuwa naweka tu juu nimeona kwa gari za watu. Kwa hivyo naenda na baa. Sasa, mbili ama tatu? Na zile zinauzwa barabarani bila jina ni sawa? Kuna moja nimeonyeshwa Kirinyaga Road bei poa sana.

Mzee_wa_Surf:
Mbili zinabeba hema yako kwa lami vizuri. Kwa hiyo barabara yako mimi ningeweka tatu, kila baa ichukue kidogo, lakini ujue ya tatu nayo ni kama kilo 5 zaidi. Angalia karatasi ya hema inataka baa ziachane umbali gani, usizibananishe katikati.

Za bila jina shida yake si jina, ni kwamba hazijaandikwa zinabeba kilo ngapi. Kuna limiti ya paa, ya reli na ya baa, na inayokuhusu ni ile ndogo kuliko zote, sasa kama moja huijui unakisia. Thule, Rhino-Rack na hao wengine wanaandika. Nunua yenye miguu ya kushika reli iliyoinuka kama yako, si ile ya mlangoni.

Ukifunga, nati ziwe za loki, na bolti za stenlesi zinazoingia kwa aluminiamu paka grisi kidogo, la sivyo mwaka ujao hazitoki. Ukimaliza kilomita 50 za kwanza za marram simama ushike spana uzikaze zote, halafu kila jioni pitia na mkono. Blada za kufungia achia boda, tafuta mikanda ya racheti, na ncha zake zifunge zisipigwe na upepo.

Landi_110:
Na huyo fundi wa Kariobangi usimtupe, mpe kazi ya fremu ya nyuma ndani, ya kushikilia maji na huo mtungi mmoja, kwa sababu ukipiga breki ya ghafla vikiwa havijafungwa vitakuja mbele na watoto wamekaa hapo katikati. Hapo chuma yake ni kitu poa.

DadaJimny:
Pima urefu mpya pia uandike kwa stika hapo kwa dashibodi. Prado ni kama mita 1.9, weka baa na hema iliyokunjwa utakuwa kama 2.3. Basementi nyingi za mjini zimeandikwa 2.1, so mpaka uitoe hiyo hema ni kupaki nje.