Kumbukumbu huru ipo, draiva inanyimwa MiB 2

fundi_wa_keneli: Wakuu, siku ya tatu hii nimekwama. Naandika draiva ya kadi ya kunasa picha kwenye Linux, bodi ya ARM isiyo na IOMMU (kifaa cha kuitafsiria kadi anwani za kumbukumbu). Kila programu ikifungua kifaa, draiva inaomba bafa (eneo la kupokelea picha) ya MiB 2 iliyo mfululizo kwa `dma_alloc_coherent`, ili kadi iiandikie moja kwa moja. Mashine ikiwa imewaka tu, inapata. Ikishinda kazini, inarudishiwa NULL, yaani imenyimwa, na kumbukumbu huru ni zaidi ya MiB 140. Nihamie `vmalloc`, njia nyingine ya kuomba kumbukumbu?

ukurasa_4k: `vmalloc` usiiguse kwa hili, mkuu. Kurasa zake (vipande vidogo vya kumbukumbu) zimetawanyika; CPU inaziona zimefuatana kwa sababu ya jedwali la kurasa. Kadi yako haina jedwali hilo. Inapewa anwani ya mwanzo, inaandika kwenda mbele, na itaharibu data isiyo yake. Hitilafu utaiona mbali kabisa na draiva, utaitafuta mpaka uchoke. Tuwekee `/proc/buddyinfo`, inayoonyesha idadi ya vipande huru vya kila ukubwa.

fundi_wa_keneli: Hii hapa, imechukuliwa dakika ilipogoma:
`Node 0, zone Normal 4127 2210 1385 902 417 160 38 9 2 0 0`

ukurasa_4k: Basi umeshaona. Safu ya kwanza ni vipande vya ukurasa mmoja, KiB 4, na kipande cha kila safu inayofuata ni kikubwa mara mbili ya cha iliyotangulia. MiB 2 ni kurasa 512, safu ya kumi, na kwako ni sifuri. Kumbukumbu unayo, ila imekatikakatika. Omba bafa mara moja kwenye `probe` (draiva inapounganishwa na kadi), mashine ingali inawaka, uishikilie mpaka `remove` (inapotenganishwa).

mzizi: Naongezea. Kwa safu hizo 11, kipande kikubwa kabisa ni MiB 4, kwa hiyo picha zikikua utakwama tena. Washa `CONFIG_DMA_CMA`, kisha uweke `cma=64M` kwenye vigezo vya kuwashia keneli. CMA (kitenga kumbukumbu mfululizo), iliyoingia Linux 3.5 mwaka 2012, hutenga eneo na kuliazimisha kwa kurasa zinazohamishika. Kadi ikilihitaji, zinaondoshwa. Msimbo wako haubadiliki. Ila soma kwanza maelezo ya kadi: ikipokea orodha ya vipande, huhitaji mfululizo mrefu hata kidogo.

fundi_wa_keneli: Kadi ina rejista moja tu ya anwani, orodha haipokei. Nimehamishia ombi kwenye `probe` na kuweka `cma=64M`. Imekesha ikifunguliwa na kufungwa, haijanyimwa hata mara moja. Asanteni sana wakuu.