Mhusika wako aliwahi kuita pepo mchezoni? Tupeane uzoefu

Dadu Ishirini (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Jambo hili limenikaa kifuani mwezi mzima, nimeona nilete kwenu mnaocheza michezo ya kuigiza wahusika.

Kwa mgeni: watu wanaketi mezani, kila mtu na mhusika wake, mmoja anasimulia, penye mashaka dadu inaamua. Mkongwe wa michezo hii ni Dungeons & Dragons, iliyotoka Marekani mwaka 1974. Sisi tuko watano hapa Dar, tunacheza kila Jumamosi, kwa Kiswahili.

Mhusika wangu ni mchawi msomi, mtu mwema, hajawahi kumgusa asiye na silaha. Siku hiyo kijiji kilichotuhifadhi kilizingirwa na sisi tulikuwa hoi. Nikakumbuka uchawi wa kuita pepo mkubwa, uliomo kwenye kitabu cha nyongeza cha mwaka 2017. Sharti lake ni kichupa cha damu ya mtu aliyeuawa ndani ya saa 24. Tulikuwa na mateka mmoja, askari wa upande wa pili, kafungwa kamba zizini. Nikasema, "Namchinja." Nilisema haraka, macho yakiwa kwenye karatasi ya mhusika, nahesabu pointi.

Pepo akaja. Kanuni ni kwamba kila zamu yake inapokwisha anarushiwa dadu kuona kama atajinasua, na ukilitaja jina lake la kweli kujinasua kunakuwa kugumu zaidi. Jina nilikuwa nalo, tulilitafuta vikao viwili vizima. Aliwafyeka maadui kweli kweli. Zamu ya sita akajinasua, na waliokuwa karibu naye ni wanakijiji waliojibanza nyuma ya kisima. Msimulizi wetu alieleza yote, hakuruka kitu.

Tulinyamaza wote. Dada mmoja wa kundi letu akakusanya dadu zake, akaaga kwa upole, akaondoka. Wiki ya nne hii hajarudi.

Suala la kama michezo hii inamfungulia shetani mlango wa nyumbani lina nyuzi zake nyingi, tuliache huko. Naomba visa vyenu: mhusika wako alipoita, ilikuwaje, na wewe ulibaki na nini? Natanguliza shukrani.

Mtoto wa Milwaukee

Pole mkuu. Mimi nimekulia Milwaukee, Marekani, wazazi walihamia kutoka Moshi. Lake Geneva, mji ulikozaliwa mchezo huu, uko jimbo lilelile la Wisconsin, lakini kanisani kwetu ulitajwa kama unavyotajwa ugonjwa. Wazee walikuwa bado na hofu za miaka ya 1980. Mwaka 1979 mwanafunzi mmoja alipotea chuoni Michigan, magazeti yakautwika mchezo lawama. Mwaka 1983 Patricia Pulling, mama mmoja wa jimbo la Virginia aliyefiwa na mwanawe akaulaumu mchezo, akaanzisha chama cha kuupinga.

Wachapishaji wakatafuta amani. Toleo la pili, la 1989, liliyaondoa majina ya pepo na mashetani. Viumbe walewale wakaitwa tanar'ri na baatezu. Mimi nilianza na toleo hilo nikiwa na miaka 14. Mama alikagua vitabu vyangu ukurasa kwa ukurasa, hakuona neno la kumtisha, akanirudishia.

Niliita tanar'ri mara nyingi sana. Msimulizi wetu alikuwa anadai malipo kila mara, nami nililipa kwa watu wa kwenye hadithi: mchunga mbuzi, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni. Sikukosa usingizi hata siku moja, maana neno geni halina uzito mdomoni. Mwaka 2000 toleo la tatu likarudisha majina ya zamani. Nikafungua kitabu, nikamwona kiumbe niliyekuwa namtuma miaka yote ameandikwa waziwazi kuwa ni nani. Usiku ule nikakaa nahesabu watu niliowatoa. Walikuwa saba. Nawakumbuka mpaka leo, na nina watoto wawili.

Mjukuu wa Kiti

Assalam alaikum ndugu zangu. Nipo Unguja. Kwetu neno lenyewe ndilo lililotupa taabu. Mkicheza kwa Kiingereza neno ni moja. Kwa Kiswahili utasema nini? Shetani? Pepo? Jini? Zimwi? Kila moja lina nyumba yake.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa kiti, yaani mtu anayepandwa na pepo. Pepo wake akipanda hudai udi, maji ya waridi, kitambaa cha rangi fulani. Watu humkalisha, humuuliza shida yake, hupatana naye. Kwa hiyo nikisikia mtu "anaita pepo" akili yangu inakwenda kwenye ngoma, ubani na mazungumzo marefu, wala si kumrusha mtu vitani kama jiwe.

Msimulizi wetu alichagua neno "jini". Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, maana mezani sote ni Waislamu. Jini ana akili, na Sura ya 72 inatueleza kuwa wako waliosikia Qur'ani wakaamini. Mhusika wangu alikuwa na uchawi wa kumfunga aliyeitwa kwa kito cha thamani ya sarafu 1,000 za dhahabu, akutumikie siku nzima atake asitake. Rafiki yangu akaniuliza, "Huyu amekukosea nini?" Nikajibu kuwa ni adui wa watu. Akasema, "Alikuwa kwao. Wewe ndiye uliyemvuta."

Mimi ni mtu wa Mkunazini. Soko la watumwa lililokuwa hapo mtaani kwetu lilifungwa mwaka 1873, na bado tunapita pale kila siku. Kumvuta asiyekukosea kutoka kwao, kumfunga, kumtumikisha mpaka afe vitani: mambo hayo kwetu yana jina. Nilikiweka kile kito chini. Msimulizi akakubali tumwite kwa kupatana, aseme anachotaka, na aweze kukataa. Mara mbili alikataa. Mara ya tatu alikuja, akadai tumtafutie nduguye aliyefungwa chupani, na safari hiyo ilituchukua miezi minne. Sijawahi kucheza kitu kitamu kama kile.

Wa Eastlands

Wadau, mimi ni wa kompyuta. World of Warcraft, ile ya 2004, mchawi wa mapepo. Kuwaita baadhi ya mapepo ulihitaji kipande cha roho, na unakipata kwa kumfyonza adui anapokata roho. Zamani kila kipande kilikula nafasi yake kwenye mfuko, kwa hiyo natembea na mfuko mzima wa roho. Nilikusanya mamia. Sikuwahi kuwaza hata dakika moja mpaka niliposoma uzi huu. Kwenye kompyuta hakuna dada wa kukusanya dadu zake akuache umeketi.

Mwalimu wa Jumapili

Bwana asifiwe. Nasema kwa upendo, wala simhukumu mtu. Nilicheza miaka miwili chuoni, nikaacha. Najua Kumbukumbu la Torati sura ya 18 inavyosema, ila sikuacha kwa kuogopa kwamba kitu kingekuja kweli chumbani. Niliacha kwa sababu nilianza kupenda ile sauti yangu ya kuamuru. Mhusika wangu alikuwa anawafokea aliowaita, "Piga magoti!", nami nikawa naisubiri Ijumaa nzima nafasi ya kufoka. Siku moja nilimfokea mdogo wangu kwa sauti ileile, akashtuka. Wengine mnaweza kuigiza bila kudhurika, nawaamini. Mimi nilijiona nadhurika.

Dadu Ishirini

Mwalimu, nashukuru sana kwa ukweli huo. Kuhesabu pointi kwangu na kufoka kwako naona vinakaribiana.

Msimulizi wa Arusha

Dada yenu nami nasimulia, mwaka wa tisa huu. Tunatumia toleo la tatu, na lenyewe lina kanuni niipendayo: ukimwita kiumbe mwovu, uchawi wenyewe unahesabiwa kuwa mwovu, na kasisi mwema hawezi kabisa kuutumia. Mchawi wa vitabuni anaweza, ila doa linabaki. Vijana wangu walibishana juu ya hilo usiku kucha. Mmoja akasema kisu ni kisu, kinakata nyama na kinakata mtu. Mwenzake akamjibu kwamba kisu hakimtamani mtu.

Kisa kikubwa kwangu ni cha mchezaji aliyekataa. Mji ulikuwa unaanguka, kitabu cha kuitia kiko mkononi mwake, wenzake wanampigia kelele aite. Akasema, "Siiti. Tuwatoe watu kwa mlango wa nyuma." Mji ukaanguka. Nyumba yao waliyoijenga kwa miaka miwili ya mchezo ikaungua. Walitoa watu 61, nilihesabu kwa dadu. Wenzake walimnunia wiki nzima.

Kuhusu mipaka, mkuu: kabla ya kuanza kampeni, yaani hadithi ndefu ya vikao vingi, kila mtu ananiandikia faragha asichotaka kukiona mezani. Katikati ya meza naweka kadi yenye alama ya X. Mtu akiigusa tunaruka tukio hilo, haulizwi sababu. Na kafara sisimulii kwa neno moja. Anayetaka kuchinja namtaka aniambie amesimama wapi, na mwenzake anamtazamaje. Wengi huishia kukata kamba.

Dadu Ishirini

Wakuu, nimerudi. Baada ya kusoma kisa cha Unguja nilimpigia yule dada, tukaonana jana. Ameniruhusu niandike haya bila kumtaja.

Mdogo wake alisemwa kuwa ana mashetani tangu darasa la sita. Alipelekwa kwa waganga, akapelekwa kwenye maombi, huko na huko wanamkemea pepo kwa jina. Mpaka leo jina hilo ndugu wote wanalijua. Baadaye sana daktari akasema ni kifafa, sasa anatumia dawa na anafanya kazi.

Nikamwomba radhi kwa kuleta pepo mezani. Akatikisa kichwa, akasema pepo hakumsumbua. "Tulikaa vikao viwili tunatafuta jina la pepo," akaniambia. "Yule kijana wa zizini hamkumuuliza lake. Nyumbani kwetu ilikuwa hivyohivyo."

Sikuwa na jibu. Nilimlipia chai, akaondoka, hajasema kama atarudi na sikumsukuma.

Nimezungumza na msimulizi wetu usiku huu. Mateka alishakufa, hilo halifutiki. Ila alikuwa na kwao, na msimulizi amekubali kukiandika kijiji chake na mama yake. Jumamosi mhusika wangu anaanza safari ya kwenda huko kwa miguu, bila kitabu, kumuuliza huyo mama mwanawe aliitwa nani.

Wenye visa vingine endeleeni, nasoma vyote.