Kwotabeki akivurunda, kocha ampige benchi lini?

Mleta mada:
Wakuu, kila msimu wa NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, ni yale yale: kwotabeki, yaani mrusha pasi anayeongoza mashambulizi, akiboronga mechi mbili, mashabiki wanataka atolewe. Mimi nasema kufungwa peke yake si sababu. Kocha ajiulize kwanza kama tatizo linatoka kwa huyo kijana, na kama aliyeko benchi ana kitu ambacho mwenzake hana.

Angalieni Buffalo Bills, Novemba 2017. Wameshinda mechi 5, wamepoteza 3, bado wako kwenye mbio za mtoano. Wakachapwa 47-10 na New Orleans Saints, kocha Sean McDermott akamtoa Tyrod Taylor na kumwanzisha Nathan Peterman, chipukizi wa mwaka wa kwanza. Ni kweli pasi za Taylor siku ile zilileta yadi 56 tu. Lakini Saints walikimbia na mpira karibu yadi 300! Ukuta ndio uliovuja, adhabu akabebeshwa kwotabeki. Mechi iliyofuata, dhidi ya Chargers, pasi 5 za Peterman zilidakwa na wapinzani kabla ya mapumziko (ya kwanza, tumtendee haki, ilimdunda mwenzake mikononi). Taylor akarudishwa, wakafungwa 54-24, ila msimu ulipoisha Bills walikuwa wamefuzu mtoano kwa mara ya kwanza tangu msimu wa 1999, Taylor akiwa ndiye kwotabeki wao.

Mchangiaji:
Mkuu, kwa hesabu hizo kocha hatabadilisha mtu kamwe. Fainali ya futiboli ya vyuo vikuu Marekani, Januari 2018: Alabama wako nyuma 13-0 dhidi ya Georgia. Kwotabeki wao Jalen Hurts alikuwa amepoteza mechi 2 tu tangu apewe namba, na bado kocha Nick Saban alimtoa mapumziko. Akaingia Tua Tagovailoa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, wakabeba ubingwa 26-23 kwenye muda wa nyongeza. Ukisubiri, umeliwa.

Mleta mada:
Ndugu yangu, mfano huo unanibeba mimi. Timu ilihitaji pasi, na za Hurts zilizofika zilikuwa 3 kati ya 8, yadi 21. Tua alikuwa na mkono wa kurusha mbali, na Saban alikuwa akimwona mazoezini. Kwenye muda wa nyongeza kijana akaangushwa, wakarudi nyuma yadi 16. Shambulizi lililofuata hapo hapo, akaurusha mpira yadi 41 hadi kwa DeVonta Smith, mechi ikaisha.

Na Hurts hakuzikwa. Desemba 2018 Tua aliumia dhidi ya Georgia hao hao, Hurts akaingia wakapindua matokeo, 35-28. Februari 2025 akawa mchezaji bora wa Super Bowl, fainali ya NFL, akiwa na Philadelphia Eagles.

Sasa tuje kwa Carolina Panthers, waliomtoa kwotabeki Bryce Young baada ya mechi 2 tu za msimu wa 2024, kijana aliyechaguliwa wa kwanza kabisa timu za NFL zilipogawana chipukizi wa 2023! Mimi naona walikurupuka. Anayewatetea aseme: Andy Dalton, aliyechukua nafasi yake, alikuwa na nini ambacho Young hakuwa nacho?