Famakolojia mwaka wa pili: nirudi kwenye fiziolojia au niendelee kukariri dawa?

Binti wa Pasua:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninasoma udaktari mwaka wa pili hapa Moshi, na katika jaribio la kwanza la famakolojia, somo la dawa na kazi zake mwilini, nimepata 38 kwa 100, ilhali kadi zangu za kukariri zimejaa droo nzima. Jina la dawa na kundi lake ninavijua. Nikiulizwa kwa nini dawa hiyo inapunguza mapigo ya moyo au inakausha mdomo, ninaduwaa. Fiziolojia ya mwaka jana, somo la jinsi mwili unavyofanya kazi, niliivuka kwa kubahatisha, nakiri. Zimebaki wiki sita kabla ya mtihani, na wenzangu wanasema kurudi nyuma ni kupoteza muda. Naomba ushauri.

Daktari wa Zamu:
Binti yangu, sitamung'unya maneno: wenzako wamekosea. Weka kadi pembeni siku kumi, usome upya neva zinazoendesha moyo, tezi na utumbo bila hiari yetu. Chukua mfano wa huku kwetu. Mkulima wa kahawa aliyepuliza dawa ya wadudu ya kundi la oganofosfeti bila glavu wala barakoa analetwa usiku mate yakimtiririka, shati limelowa jasho, mboni zimesinyaa kama ncha ya sindano, mapigo yamepungua na kifua kinakoroma. Sumu ile imekizuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali inayopeleka amri za neva, kwa hiyo asetilikolini inarundikana na kuendelea kuziamrisha tezi, moyo na misuli. Ukilielewa hilo, huhitaji kadi ili kukumbuka kwamba atropini, inayoziba vipokezi vya muskarini (sehemu za tezi na moyo zinazopokea amri hiyo), itakausha majimaji hayo na kuinua mapigo. Tena utaelewa kwa nini haiiponyi misuli iliyolegea, kwani vipokezi vya huko ni vya aina nyingine, vya nikotini. Hata dozi yake tunaiongeza kwa kusikiliza kifua, si kwa kutazama mboni.

Mfamasia wa Majengo:
Naunga mkono, ila kadi usizitupe, dada. Mwisho wa jina la propranololi, dawa ya moyo na presha, utakutambulisha kundi lake, lakini hautakuambia kwamba dawa hiyo huziba vipokezi vya beta-1 vya moyo pamoja na beta-2 vya njia za hewa, ndiyo maana mwenye pumu hapewi, wakati salbutamoli, dawa ya pumu, huviamsha hivyo hivyo vya beta-2 ili apumue. Nyuma ya kila kadi mimi nilichora kipokezi na kiungo kilipo. Michoro ilikuwa mibaya mno, na ilinivusha.

Binti wa Pasua:
Shikamoo dokta, na ahsante kaka. Je, njia hii inafaa hata kwa figo? Frusemidi, ile dawa ya kuongeza mkojo, ndiyo iliyoniangusha.

Daktari wa Zamu:
Marahaba. Inafaa sana. Figo huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kwa siku, na karibu zote hurudishwa mwilini. Jiulize kwanza sodiamu inarudishiwa wapi. Takriban robo yake hurudishwa kwenye mkono mnene unaopanda wa kitanzi cha Henle, sehemu iliyopinda ya mrija mdogo wa figo, na hapo ndipo frusemidi inapoziba mlango, maji yakaifuata sodiamu kwenye mkojo. Ila figo zisubiri hadi wiki ya tatu. Kesho anza na neva.