Glen Canyon kwa boti, mama ataweza?

Wadau nipo Phoenix, Arizona, bi mkubwa kaja toka Tanga nataka nimpeleke Glen Canyon, lile korongo la Mto Colorado, kwa boti, mto hautamtisha kweli?

— Wala usihofu mkuu, ni toka chini ya bwawa mpaka Lees Ferry, kama kilomita 24, maji yametulia tu, mnapita Horseshoe Bend, ile kona ya mto yenye umbo la kiatu cha farasi, mnaiangalia kwa chini, kuta nyekundu huku na huku. Ila maji yenyewe ya baridi hatari maana yanatoka kilindini Lake Powell, lile ziwa la nyuma ya bwawa.

— Cheki saa!! Kiangazi eneo la Wanavajo (kabila la wenyeji wa Marekani, wako jirani hapo) liko mbele lisaa kuliko Arizona kwingine, sisi simu ilijibadilisha yenyewe tukafika mapema tukaungua jua bure 😂

— Na kofia mkuu, boti nyingi hazina paa.