Tupeane uzoefu: swali gani la maarifa ya jumla la utotoni halijawahi kukutoka kichwani?

#1 (mwanzisha mada)
Wakuu, salaam. Leo nimefungua sanduku la vitu vya zamani nikakuta daftari langu la shule. Kurasa za nyuma zimejaa maswali ya chemsha bongo kwa mwandiko wa penseli: mnyama gani hufanya hivi, mnara upi uko wapi, nani alibuni chombo kipi. Nilikaa palepale sakafuni nikasoma mpaka mwisho.

Nyumbani kwetu hatukuwa na ensaiklopidia kamili. Tulikuwa na juzuu moja tu, la herufi P, jalada limebanduka. Basi nilikua bingwa wa P. Piano ina vibonyezo 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, na aliyeibuni ni Mwitaliano Bartolomeo Cristofori, karibu mwaka 1700. Panda hula mianzi tu karibu siku zote, na kile kinachofanana na kidole gumba chake ni mfupa wa kifundo uliokua ili ashikie mwanzi. Na pengwini! Wale wakubwa kabisa wa Antaktika, dume ndiye anayeatamia yai, kalipakata juu ya miguu yake takriban miezi miwili katikati ya baridi, hali chochote. Picha yao wakiwa wamesongamana, wameupa upepo migongo, naiona hata sasa nikifumba macho.

Ukurasa wa Mnara wa Pisa ulikuwa nusu. Nilijua ulianza kujengwa mwaka 1173, kisha karatasi imechanika. Miaka yote ile nililala nikiwaza kama mnara bado umesimama.

Nanyi je? Chakula, muziki, wanyama, majengo, chochote. Nani alikuuliza, na ilikuwaje?

#2
Mimi ni twiga. Mwalimu aliuliza darasani: shingo ya twiga ina pingili ngapi? Tukabashiri thelathini, hamsini, mwingine akasema mia. Mwalimu akatuambia tuinamishe vichwa na tupapase visogo vyetu kushuka chini, mpaka tuguse ule mfupa uliotokeza pale shingo inapokutana na mgongo. "Huo ndio wa saba," akasema. "Twiga naye anazo saba." Tofauti ni kwamba pingili moja ya twiga hupita sentimita 25 kwa urefu. Hadi leo nikichoka kazini mkono unakwenda wenyewe kwenye ule mfupa, na namkumbuka.

#3
Mada imenigusa, ila yangu ina uchungu kidogo. Kaka yangu mkubwa alinifundisha kwamba Ukuta wa China ndio jengo pekee linaloonekana ukiwa mwezini. Nilishinda nalo shindano la darasa! Mwaka 2003 Yang Liwei, Mchina wa kwanza kupelekwa angani na nchi yake, alirudi akasema hakuuona, naye hakuwa hata karibu na mwezi. Ukifikiri vizuri inaeleweka: ukuta ni mrefu mno lakini upana wake ni mita chache, na mwezi uko kilomita zipatazo 384,000. Ni kama kutafuta unywele ulio kilomita kadhaa mbele yako.

Mbuni kufukia kichwa mchangani, hiyo nayo si kweli. Mbuni hutaga kwenye shimo la kina kifupi, na huinama kuyageuza mayai kwa mdomo. Ukimtazama kwa mbali utaapa kichwa kimezama.

Kaka yangu ameshatangulia mbele ya haki. Sikuwahi kumweleza kuhusu ukuta, na nashukuru sikufanya hivyo.

#4
Kwetu ilikuwa kipindi cha maswali redioni. Dada alikuwa akikirekodi kwenye kaseti ya dakika 60, yaani thelathini kila upande, halafu tunakisikiliza wiki nzima. Ili kutunza betri haturudishi nyuma kwa redio. Unachukua kalamu ya wino yenye pembe sita, unaichomeka kwenye tundu la kaseti, meno yanakamata barabara, unazungusha kaseti hewani kama kereng'ende. Mkono ukichoka unampa mwenzio.

Swali lililonikaa: ni mtunzi gani hakusikia makofi ya muziki wake mwenyewe? Ni Beethoven, Vienna, mwaka 1824, simfonia yake ya tisa ilipopigwa mara ya kwanza. Alikuwa ameshapoteza usikivu, amewapa watu mgongo, mpaka mwimbaji Caroline Unger akamgeuza ili aone wanavyoshangilia. Dada alikuwa akibonyeza kusimamisha hapo kila mara, tunabaki kimya.

#5
Mwanzisha mada, nikumalizie ukurasa wako, mimi ni fundi wa ujenzi. Mnara umesimama. Udongo wa upande wa kusini ulikuwa laini, ukaanza kuinama wakiwa ghorofa ya tatu tu. Vita vikasimamisha kazi karibu miaka mia, na hilo ndilo lililouokoa, maana udongo ulipata muda wa kushindiliwa. Waliorudi kujenga wakajaribu kusahihisha kwa kuinua upande mmoja wa ghorofa za juu, ndiyo maana umepinda kidogo kama ndizi. Ulifungwa mwaka 1990. Wahandisi wakatoa udongo kidogo kidogo chini ya upande wa kaskazini, kilele kikarudi karibu sentimita 45, na mwaka 2001 watu wakaruhusiwa kupanda tena. Hawakuunyoosha kabisa, na walifanya vyema.

#6 (mwanzisha mada)
Mkuu, umeniliza. Asante sana. Naandika haya kwa penseli kwenye lile daftari sasa hivi.

#7
Mimi fupi. Nyanya ni tunda au mboga? Mimi na binamu yangu tuligombana mwaka mzima. Kumbe Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1893 kwamba kwa ushuru ni mboga, ingawa kwa elimu ya mimea ni tunda. Sote tulikuwa sahihi.

#8
Baba alikuwa akiniuliza kila usiku kabla ya kuzima taa: pweza ana mioyo mingapi? Mitatu. Miwili inasukuma damu kwenye matamvua, mmoja unahudumia mwili wote, na huo husimama akiogelea, ndiyo maana hupenda kutambaa. Siku hizi baba amezeeka, kumbukumbu zinamtoka, jina langu linampotea siku nyingine. Juzi nimekaa kitandani kwake nikamuuliza mimi. Hakusema kitu, alinyoosha vidole vitatu. Kisha, taratibu, akaniuliza lile lililokuwa likifuata:

"Na damu yake?"

"Bluu, baba."