Tisa mbili, watu wanne, nami ndiye wa kwanza kuongea

Wakuu, habari za jioni. Jumamosi hapa Nkuhungu, mashindano yetu ya poka, blaindi (dau za lazima) 200/400. Nina chipu 14,000, nipo blaindi kubwa (nimeshaweka 400) na 9 ya uru na 9 ya pau. Mmoja kapandisha hadi 900, wawili wamefuata, nikaongeza 500 kuwafikia. Zikafunguliwa karata tatu za wote mezani: 8 ya kopa, 5 ya kopa, 2 ya shupaza. Mezani chipu 3,800. Nikaweka 2,600, wa pili kapandisha hadi 8,000, wa mwisho kasukuma chipu zote. Nikalaza (nikaacha karata zangu). Mkono ulitetemeka, nakiri. Nilikosea wapi?

Jibu: Kuingia ulikuwa sahihi kabisa kaka, 500 kwa 3,300 ni bei nzuri, ingawa tisa ya tatu hufunguka mara moja tu kati ya nane au tisa. Tatizo ni lile dau. Karata 47 hujaziona, 20 kati yake (kumi hadi ree) zinazidi tisa zako. Hapo bado mwenye kopa mbili anayesubiri ya tano. Watu watatu nyuma yako, yupo atakayekuwa na kitu. Pitisha (usiweke dau), usikie wanasemaje.

Jibu: Mimi naona tofauti kidogo. Ukipitisha na wote wakapitisha, umewapa karata ya bure. Ningeweka 1,300. Ila kulaza baada ya wawili kupandisha, hapo ulicheza vizuri mno.

Muulizaji: Asanteni sana. Aliyesukuma alifunua nane mbili, na ile ya mezani zikawa tatu. Jumamosi ijayo napitisha.